Ufa wa chuma hauzibwi mbio: historia ya bloku ya trekta yetu



Wengi wenu muliona ile trekta nyekundu chini ya muembe, pembeni ya depo yetu. Kuku walizoea kulala juu ya kiti chake. Katika mkutano mkuu ujao tutaulizwa swali moja: tuiuze kwa watu wa vyuma chakavu, ao tuendelee nayo? Bloku ya injini yake ilipasuka, na kila mtu ana maneno yake. Wengine wanasema chuma kilichopasuka ni maiti. Wengine wanasema fundi yeyote wa kuchomelea anamaliza hiyo kazi kwa saa moja.

Mbele ya kupiga kura, ninaomba tusome historia kidogo. Maneno yote mawili si ya kweli, na watu walishajua hivyo zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mimi pia niko na deni kwenu katika habari hii, na nitalilipa humu ndani.

Fonti ni chuma cha aina gani

Bloku ni nyumba ya injini. Ndani yake pistoni zinapanda na kushuka, na katikati ya kuta zake kuna njia ambamo maji yanapita kupunguza joto. Nyumba hiyo imetengenezwa kwa fonti, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa ndani ya kalibu ya mchanga.

Fonti iko na kaboni nyingi, asilimia 2 mpaka 4. Nondo tunazojengea nyumba hazifiki hata asilimia 1. Ndani ya fonti, ile kaboni inajipanga kama magamba membamba ya grafiti, kitu kilekile kilicho ndani ya kalamu ya risasi. Njo maana fonti ikivunjika, pale ndani panaonekana rangi ya kijivu.

Watu waliipenda kwa sababu nzuri. Inayeyuka kwenye joto la karibu digrii 1,200, chini kuliko nondo, na inatiririka mpaka kwenye kila kona ya kalibu. Inabeba uzito bila shida. Inameza mtetemeko wa injini. Bei yake iko chini. Lakini ina ugonjwa mmoja: haipendi kuvutwa. Nondo ukiivuta ao kuipinda, inakuonya kwanza, inajikunja. Fonti haikunji wala haionyi. Inapasuka tu, juu ya yale magamba ya grafiti ambayo ni kama nyufa ndogo ilizozaliwa nazo.

Katika trekta, bloku iko na kazi nyingine ambayo katika gari haiko nayo. Mwaka 1917 Henry Ford alianza kutoa trekta iliyoitwa Fordson. Uingereza ilikuwa vitani, nyambizi za Ujerumani zilikuwa zinazamisha meli za chakula, na serikali yake iliagiza trekta 6,000 ili watu walime haraka. Fordson haikuwa na fremu ya chini kama lori. Bloku ya injini, nyumba ya gia na nyumba ya ekseli ya nyuma vilifungwa pamoja kwa bolti, na hivyo vyenyewe vikawa mgongo wa trekta. Trekta nyingi za baadaye zilifuata umbo hilo, na yetu ni mjukuu wao. Kwa hiyo bloku yake haibebi pistoni tu. Inabeba mwili mzima, na kila jembe linapokwama kwenye kisiki, mgongo huo unasikia.

Ginsi yetu ilivyopasuka

Katika nchi za baridi, bloku nyingi zilipasuka juu ya maji kuganda ndani yake usiku. Maji yakiwa barafu yanaongezeka karibu asilimia 9, na fonti haina nafasi ya kuyapa. Huku kwetu ziwani hatuna barafu. Kwetu adui ni joto na haraka.

Ilikuwa Septemba, mvua za kwanza, na kila familia ilitaka shamba lake lilimwe wa kwanza. Mpira wa radiateri ulikuwa unavuja kidogokidogo. Injini ikachemka katikati ya shamba. Dereva wetu, kijana mwenye bidii, akazima, akafungua kifuniko, akamwaga bidoni nzima ya maji ya baridi. Akasikia mlio mmoja mfupi, kama kijiti kinachovunjika. Ufa ulikuwa ubavuni mwa bloku, urefu wa kidole.

Kilichotokea ni hiki: ukuta wa ndani ulipigwa na baridi ukajikaza, wakati ukuta wa nje ulikuwa bado wa moto na umepanuka. Chuma kikavutwa na chuma mwenzake, na tumeshasema fonti haipendi kuvutwa.

Simlaumu kijana. Hakuna aliyemfundisha kwamba injini iliyochemka inaachwa ipoe kwanza, kisha inapewa maji kidogokidogo. Kupanga yale mafunzo ilikuwa kazi yangu, na sikuipanga.

Kosa la pili lilikuwa langu kabisa. Watu walikuwa wanangoja, msimu unapita. Nikaita fundi anayetengeneza milango na madirisha. Alichomelea ule ufa asubuhi moja, na vijiti vyake vya kila siku. Nikapiga picha, nikaandika katika ripoti kwa wafadhili: trekta imetengenezwa. Siku ya tatu maji yalianza kutoka tena. Ule mstari wa kuchomelea ulikuwa umeachia pande zote mbili, na ufa ulikuwa umekua mpaka urefu wa kiganja. Ripoti nyingine haikufuata. Ninaiandika leo: maneno yale hayakuwa ya kweli.

Yule fundi ni mzuri kwa milango. Lakini ukiyeyusha sehemu ndogo ya fonti wakati sehemu zinazoizunguka ni baridi, mambo mawili yanatokea. Ile sehemu ikipoa inajikaza na kuvuta majirani zake. Na pale pembeni yake, kaboni inageuza chuma kuwa kigumu kama chupa. Kigumu kinachovutwa kinapasuka tena, na safari hii zaidi ya mwanzo.

Bandari za Marekani, 1917

Swali letu liliulizwa zamani na watu wenye haraka kuliko sisi. Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, meli nyingi za Ujerumani zilijificha katika bandari za Marekani, ambayo ilikuwa haijaingia vitani. Zilikaa pale karibu miaka 3. Mwanzo wa 1917 mabaharia wake waliona kwamba Marekani itaingia. Wengi wao hawakuzamisha meli. Walishuka kwenye vyumba vya mitambo na kuvunja silindri kubwa za mvuke. Walichagua silindri kwa akili: zilikuwa za fonti, na fonti kwa mawazo ya wakati ule haiungiki. Kutengeneza silindri mpya za ukubwa ule kungechukua muda mrefu sana.

Aprili 1917 Marekani ikatangaza vita na kukamata zile meli. Wataalamu wengine walitoa shauri lilelile ambalo hao mabaharia walilitegemea: tupeni, mutengeneze mapya. Wahandisi wa jeshi la maji walikataa. Walipima kila mvunjiko, wakatengeneza vipande vya chuma vinavyofanana na mahali palipotoka, na wakachomelea kwa umeme. Na hawakuiamini kuchomelea peke yake. Kwanza walitoboa matundu pembeni ya mvunjiko na kuingiza vijiti vya chuma vyenye nyuzi, kama misumari ya skrubu, ili kile kiraka kishikwe na mwili wa fonti wenyewe, si na ngozi yake tu. Kisha walipima kwa maji yenye mgandamizo mbele ya kuruhusu mvuke.

Mbele ya mwaka kuisha, meli nyingi katika hizo zilikuwa zimerudi baharini. Zilibeba mamia ya maelfu ya askari wa Marekani mpaka Ufaransa, na silindri zake zilizounganishwa.

Miaka ya 1930 kazi ilipiga hatua nyingine, katika visima vya mafuta vya Texas. Kule mitambo ya fonti ilikuwa inapasuka mahali penye gesi, ambapo cheche moja inaweza kuua watu wote. Kuchomelea kulikatazwa. Mafundi wakarudi kwenye wazo la fundi nguo: kushona. Unatoboa safu za matundu yanayokata ufa, unagonga ndani yake vipande vya chuma laini vyenye umbo la kufuli, vinavyoshika pande mbili zisiachane. Halafu unafuata ufa wenyewe na kuujaza pini zenye nyuzi, kila moja ikimuuma kidogo mwenzake, maji yasipate njia. Hakuna moto, kwa hiyo hakuna kuvutana kwa joto. Namna hiyo inatumika mpaka leo katika meli na viwanda.

Mafundi wengine wanatumia moto, na wanafaulu, lakini moto wao ni wa subira. Wanapasha bloku nzima mpaka iwe nyekundu gizani, wanachomelea ikiwa bado ya moto, kisha wanaifunika ndani ya majivu ao mchanga ipoe kwa siku nzima ao zaidi. Wengine wanatumia vijiti vya nikeli: wanachomelea urefu wa sentimita 2 ao 3, wanagonga taratibu kwa nyundo, wanangoja mpaka mkono uweze kugusa, wanaendelea. Njia ni nyingi, lakini hakuna hata moja ya saa moja.

Na ziwa letu pia liko na shahidi

Hamuhitaji kwenda Marekani kuona jambo hili. Wengi wenu, ao wazazi wenu, mulipanda Liemba. Meli ile ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaitwa Graf von Götzen. Ililetwa vipandevipande ndani ya masanduku karibu 5,000, kwa bahari mpaka Dar es Salaam na kwa reli mpaka Kigoma, na ikaingia majini mwaka 1915. Julai 1916, majeshi ya Wabelgiji yaliyotoka upande wetu yalipokaribia, Wajerumani waliizamisha wenyewe, karibu na mahali mto Malagarasi unapoingia ziwani. Lakini mafundi wake hawakuvunja mitambo. Waliipaka grisi nzito kila mahali, wakiwa na tumaini la kurudi.

Hawakurudi wao. Wabelgiji waliiinua ikazama tena, na Waingereza wakaiinua mwaka 1924. Mitambo ilikuwa bado mizima chini ya ile grisi. Mwaka 1927 ilianza kazi tena na jina Liemba. Na mwaka 1997, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa liliitumia kurudisha watu zaidi ya 75,000 kutoka Kigoma mpaka Uvira. Watu hao walikuwa ni sisi.

Ninaipenda habari hii kwa sababu moja. Wale wa bandari za Marekani walivunja ili kisitumike tena, wale wa Malagarasi walizamisha wakilinda kitumike tena. Vyote viwili vilirudi kazini, kwa sababu aliyevipata hakuanza na nyundo. Alianza kwa kuangalia kilichoharibika ni nini na kilichobaki kizima ni nini.

Kazi ya Mzee

Baada ya lile kosa langu, mama mmoja wa kamati alitupeleka kwa fundi mzee. Alijifunza kazi Kiliba, kwenye kiwanda cha sukari cha bonde la Ruzizi, mbele kile kiwanda hakijasimama wakati wa vita ya 1996. Naye alivuka ziwa kama sisi, naye alirudi.

Siku ya kwanza hakugusa chombo chochote. Alikaa juu ya jiwe, akamwita dereva.

“Mwanangu, ulipomwaga yale maji, injini ilikuwa inazunguka ao imesimama?”

“Ilikuwa imesimama, Mzee.”

“Basi maji yalipiga mahali pamoja. Kama ingekuwa inazunguka, yangetembea. Vizuri, sasa najua pa kutafuta.”

Halafu akanigeukia: “Na wewe, ndugu wa ripoti, hii ya kuchomelea nani aliharakisha?” Nikajibu ni mimi. Hakusema neno lingine.

Kwanza alisaga kwa tupa ile takataka yote ya kuchomelea. Kisha alipaka mafuta ya taa pale ubavuni, akangoja, akapangusa mpaka pakauka, akapaka vumbi la chaki. Baada ya dakika chache mstari mwembamba ulijitokeza wenyewe kwenye chaki, kwa sababu mafuta yaliyoingia ndani ya ufa yalikuwa yanatoka. Tukaona kwamba ufa ulikuwa umepita mbali kuliko jicho lilivyokuwa linaona. Akafanya hivyo sehemu nyingine zote za bloku, hata pale inapofungwa na nyumba ya gia. Kule hapakuwa na kitu. Ndipo alipokubali kazi.

“Ungekuwa kwenye mgongo,” alisema, “ao pale mhimili mkuu unapokaa, ningewaambia muuze. Huu uko kwenye ukuta wa maji. Ukuta wa maji unashoneka.”

Alitoboa tundu moja dogo kila mwisho wa ufa, ili usiendelee kutembea. Kisha alitoboa la kwanza juu ya ufa wenyewe kwa drili ya mkono, akakata nyuzi ndani yake kama za nati, akakaza pini aliyoichonga kutoka kipande kinene cha shaba, akaikata, akaigonga kidogo. Tundu la pili lilimegua ukingo wa pini ya kwanza, la tatu likamegua la pili, na hivyo mpaka mwisho. Pini 31. Drili mbili za mwisho zilizokuwa sokoni zilivunjika, tukangoja siku mbili mpaka nyingine zitoke Uvira.

“Pini zinafunga maji, lakini hazishiki ukuta,” alisema. Kwa hiyo juu ya mshono aliweka bati nene la chuma lililopindwa kufuata umbo la bloku, na gasketi chini yake, na bolti ndogo kuzunguka. Nikakumbuka zile meli: kimoja cha kuziba, kingine cha kushika.

Mwishowe tulijaza maji, tukafunga kila mlango wake, tukaweka mgandamizo mdogo na pompi ya baiskeli. Asubuhi tulikuta tone moja kwenye pini ya saba. Mimi nilisema tone moja si kitu. Mzee aliondoa bati, akatoa ile pini, akaanza upya. Kazi yote ilichukua siku tisa, pamoja na zile mbili za kungoja.

Tangu hapo trekta imelima saa chache kila siku, mashamba ya wajane na wazee kwanza. Dereva anapima maji asubuhi na jioni na kuandika kwenye daftari. Maji hayajapungua. Ninawaandikia hivi tu, bila kuongeza. Nimejifunza kwamba “imetengenezwa” ni neno la kusemwa na daftari la miezi, si na picha ya siku moja.

Tunachoomba

Kwa wanachama: mutakapopiga kura, mujue kwamba hatupigii kura trekta mpya. Tunapigia kura chombo kizee chenye kovu. Kama tukikibakiza, lazima tukubali masharti yake: saa chache, mzigo wa wastani, na hakuna mtu, hata mwenyekiti, wa kumlazimisha dereva aendelee injini ikichemka. Sharti hilo la mwisho ninaomba liandikwe katika sheria zetu za ndani.

Kwa wafadhili: kila mwaka mstari wa matengenezo njo unaokatwa wa kwanza katika bajeti, juu haupendezi kwenye picha. Tunaomba usikatwe. Orodha yetu ni fupi: mipira mipya ya radiateri, saa ya kuonyesha joto la injini, drili na vyombo vya kukata nyuzi, na posho ya Mzee ili afundishe vijana wawili kazi hii mbele ya mikono yake kuchoka. Mpira mmoja wa radiateri ungebadilishwa mapema, makala haya yasingeandikwa.

Siku ya mkutano, trekta itakuwa palepale chini ya muembe. Njooni mapema, mupitishe kidole juu ya lile bati na kuangalia kama ni kavu, ndipo mupige kura.